Jumamosi moja na waifu, Tokyo hadi Kyoto na Nara kwa treni na kurudi usiku: inawezekana au tunajitafutia ugomvi?

mzigua90
Wakuu habari za saa hizi. Niko Tokyo kwa kozi ya miezi mitatu, mama watoto anakuja kunitembelea wiki ijayo, anakaa siku sita tu, na mimi darasani natoka jioni kila siku kwa hiyo siku nzima niliyo nayo ni Jumamosi moja, Jumapili yeye anapanda ndege. Kichwani kwake kuna vitu viwili tu, ile milango myekundu ya hekalu kule Kyoto na wale kulungu wa Nara wanaoinamisha vichwa ukiwapa biskuti, amewaona kwenye simu tangu mwaka jana na wimbo ni huo huo. Hoteli ya Tokyo nimeshalipa, kulala Kyoto haipo. Sasa swali, nikitoka alfajiri nikarudi usiku vyote viwili vinaingia? Ile pasi ya treni ya watalii inalipa? Na chakula je, nguruwe hatuli. Darasani kuna jamaa ananiambia achana na Kyoto nenda Kamakura, mimi hata sijui Kamakura ni nini. Treni ya mwendo mkali niliyopanda maisha yangu ni SGR ya Dodoma, kwa hiyo nielezeni kama mtoto.

kamaa_254
Sasa buda, unaenda Nara kuona sanamu la Buda 😂😂 pole, ilibidi.
Hiyo pasi wachana nayo. Zamani ilikuwa deal poa, yen 29,650 kwa siku saba, lakini Oktoba 2023 wakaipandisha hadi 50,000 kwa kila kichwa. Wewe ukienda Kyoto na kurudi na Nozomi, ile ya haraka zaidi kwenye Shinkansen, treni zao za mwendo kasi, ni kama 28,000 hivi, so pasi inakula pesa yako bure, na hata ukiwa nayo Nozomi bado wanakuongezea malipo juu. Na wewe mwenyewe wa kozi huenda hata hawakuuzii, wanataka mtu aliyegongewa muhuri wa mgeni wa muda mfupi. Nunua tiketi ya kawaida bro.

mzigua90
28,000 mara mbili ni 56,000?? Hiyo kwa madafu si inakaribia laki tisa, kwa siku moja!

bi_chuda
Kaka yangu pole na masomo. Mimi na mzee wangu tulifanya safari hiyo hiyo unayoisema, siku moja, na bado tumeoana, kwa hiyo inawezekana ila sikiliza.

Treni ya kwanza ya Nozomi inatoka Tokyo saa kumi na mbili kamili asubuhi, usijidanganye na ya saa mbili. Ukikata tiketi omba viti D na E. Upande ule mwingine ni viti vitatu vitatu, A B C, utajikuta umekaa na mtu baki katikati yenu, D na E ni viwili peke yake na ndio upande wa mlima Fuji. Kama dakika arobaini na kitu baada ya kuondoka ukikaribia Shin-Fuji mlima huo hapo, kama hakuna mawingu. Sisi tuliuona, mzee alikuwa amelala nikampiga kiwiko, akafumbua macho akasema mbona kama Kilimanjaro umechongwa, akalala tena.

Halafu getini, mnapewa tiketi mbili mbili kila mtu, moja ya nauli na moja ya mwendo kasi, unaziingiza ZOTE kwa pamoja kwenye tundu moja na zinatokea mbele, unazichukua. Mimi nilipita nikaziacha zimesimama pale, kijana mmoja wa shule akanikimbilia nazo mikono miwili kama anapeleka posa.

Kyoto tulifika saa mbili na dakika chache. Hapo ndipo tulipoharibu. Inari, stesheni ya ile milango, iko vituo viwili tu kutoka Kyoto kwa laini ya Nara, dakika tano. Mzee akaona treni nzuri imesimama imeandikwa Nara akasema si ndiyo hii, mimi nikasema tuulize, akasema laini ni moja mama. Tukapanda. Ikasimama Tofukuji vizuri, baada ya hapo ikachanganya, nikaiona Inari inapita dirishani na watu wake na rangi yake nyekundu yote, tukateremshiwa Rokujizo huko. Kumbe ile ni Miyakoji, ya haraka, Inari haisimami. Panda ile ya kawaida inayosimama kila kituo, usione aibu. Tulinuniana kuanzia Rokujizo mpaka tuliporudi Inari.

Ile milango usipige picha pale chini, kuna watu kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Panda, baada ya robo saa watu wanapungua, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano unafika Yotsutsuji unaiona Kyoto yote chini. Kilele ni mita 233 tu lakini ngazi zinauma magoti, sisi tuligeukia hapo hapo. Wakati wa kupanda milango yote mitupu, ukishuka unakuta kila nguzo imeandikwa kwa wino mweusi, mzee akadhani ni dua. Ni majina ya watu na makampuni waliotoa pesa za kuujenga pamoja na tarehe, yaani ni kama orodha ya wachangiaji wa harusi ya mwaka jana ukutani kwa kaka yangu, tofauti wao walilipa. Kuingia ni bure na pako wazi usiku na mchana.

Nara tukaingia saa saba kasoro. Biskuti za kulungu ni yen 200 fungu. Kaka, wale wanyama si wa mchezo. Wa kwanza kweli aliinamisha kichwa, mzee naye akainama, wakawa wanasalimiana hivyo mara tatu kama wakwe, mimi nacheka napiga picha, kumbe wa pili amekuja nyuma ameshaivuta ramani mfukoni na anaitafuna. Ukimaliza biskuti waoneshe viganja vitupu, wanaelewa, wanakwenda kwa mwingine.

Todaiji, hekalu la hapo Nara, usiiache, sanamu lile la Buda la shaba lina mita kama 15 na limezinduliwa mwaka 752. Jengo lililopo ni la 1709 na wenyewe wanasema ni dogo kuliko lile lililoungua, nikatazama juu nikajiuliza lile lilikuwaje. Ila wanafunga saa kumi na moja na nusu jioni, kuanzia Novemba hadi Machi ni saa kumi na moja kamili, kwa hiyo ukichelewa milangoni kule utakuta mlango huku umefungwa.

Kurudi tulifika Tokyo saa nne usiku. Miguu ilikuwa si yangu.

fundi_yokohama
Dada kasema kweli tupu ila mimi namtetea huyo jamaa wa darasani. Mkuu, mkeo katoka Dar juzi, mwili bado unafuata saa za Afrika, saa sita za tofauti si mchezo, Jumapili ana ndege, na wewe Jumamosi unamwamsha saa kumi alfajiri umpeleke kilomita mia tano na kumrudisha? Kuna saa tano hapo mtakuwa mmekaa tu kwenye treni.

Kamakura ni mji wa pwani, saa moja kutoka stesheni ya Tokyo kwa laini ya Yokosuka, nauli ni kama yen 1,000 hivi. Kuna Buda wa shaba pia, mita 11 na kitu, yeye amekaa nje anapigwa jua na mvua, na unaingia ndani ya tumbo lake kwa yen 50, mle ndani giza na joto kama tanuri la mikate. Halafu kuna katreni kanaitwa Enoden, laini yote kilomita 10 tu, kalianza 1902, kanapita katikati ya nyumba za watu mpaka unaona nguo zilizoanikwa, ukitoa mkono unazianua (usitoe mkono), halafu ghafla nyumba zinaisha, ni bahari. Nimeishi huku miaka, nanunua magari mnadani napeleka bandarini, nikiikumbuka Tanga mimi napanda Enoden naenda kukaa Enoshima naangalia mawimbi. Kulungu hakuna, nakubali.

Chakula, jifunze neno moja, "buta", ni nguruwe. Supu ya tambi mara nyingi imechemshwa na mifupa yake hata kama nyama juu ni ya kuku, kwa hiyo rameni za kubahatisha hapana. Madukani chukua wali wa kufinyanga wa samoni, samaki wa kuchoma, matunda.

kamaa_254
Buta, buda, Buda. Hii nchi itanimaliza.

bi_chuda
Fundi una hoja, lakini mwanamke kaimba kulungu mwaka mzima unampeleka akaone nguo za watu zimeanikwa? Kaka mzigua ukichagua Kyoto basi angalia treni ya mwisho ya kurudi, ni kabla ya saa nne usiku, na Shinkansen hazitembei kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ikikupita mnalala Kyoto na ndege mtaiona hewani.

mzigua90
Wakuu asanteni sana. Nimempigia nimemsomea yote, na bei pia nimemtajia ili nione kama atanionea huruma. Kasema Kamakura tutaenda uzeeni. Kwa hiyo Nozomi ya saa kumi na mbili, viti D na E, na treni ya kila kituo, nimeandika kwenye karatasi. Na kasema anakuja na maandazi ya mama yake kutoka Dar ya kula njiani, anauliza kulungu wanakula andazi?

bi_chuda
Mwambie hapana, ni biskuti zao tu, kingine chochote kinawaumiza tumbo. Na maandazi ayafunge vizuri ndani kabisa ya begi, siyo mfukoni. Mimi nimekwambia habari ya ramani.