Swali: John Szarkowski anatufaa nini sisi wenye masanduku ya picha za zamani Lubumbashi?

Mkaaji wa Kamalondo ameuliza:

Ndugu zangu, salamu. Familia moja ya hapa Kamalondo imenikabidhi masanduku ya picha na negativu (filamu ambazo nakala za picha huchapwa kutoka kwazo) zilizoachwa na marehemu baba yao, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na studio ya picha, nao wanataka tuzionyeshe kwa majirani kabla ya mvua kuanza. Katika kujiandaa nimekutana mara kwa mara na jina la John Szarkowski, aliyesimamia picha katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Naomba wanaomfahamu wanieleze: mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua picha za wengine alipataje nguvu kubwa hivyo? Na je, namna yake ya kutazama inaifaa picha ya dada wawili waliovaa vitenge vya sare, wakiwa na redio mezani ambayo bila shaka si yao, maana redio hiyohiyo nimeiona katika picha za familia nyingine kadhaa?

Mzee wa Katuba amejibu:

Mwanangu, pole na kazi, na hongera kwa kuaminiwa.

Szarkowski alizaliwa mwaka 1925 huko Ashland, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na kabla ya kuwa msimamizi alikuwa mpiga picha, jambo ambalo wengi hulisahau wanapomsifu au kumlaumu. Mwaka 1962 alishika nafasi ya Edward Steichen, akaikalia hadi 1991. Steichen alikuwa ameandaa maonyesho ya The Family of Man mwaka 1955, yenye picha 503 kutoka nchi 68, zikiwa zimekuzwa na kupangwa kama kurasa za gazeti moja kubwa, hata mpiga picha mmojammoja akamezwa na hoja ya mpangaji. Szarkowski alifanya kinyume. Alitundika picha moja moja katika fremu za kawaida, akaiachia kila picha nafasi yake ukutani, na mtazamaji akajikuta anauliza jinsi ilivyotengenezwa, si nani tu anayeonekana ndani yake.

Nguvu yake, kwa maoni yangu, haikutoka katika jicho lake peke yake. Wakati huo makumbusho yenye idara ya picha, fedha za kununua na vyumba vya kuonyesha yalikuwa machache sana duniani, kwa hiyo aliyeingizwa pale alihesabiwa kuwa ameingia katika historia. Mwaka 1967 aliwaonyesha pamoja Diane Arbus, Lee Friedlander na Garry Winogrand, ambao nje ya duru ya wapiga picha walikuwa hawajulikani sana. Mwaka 1976 akatundika picha za rangi za William Eggleston, wakati rangi ilionekana kuwa ya matangazo ya biashara na albamu za nyumbani. Wahakiki walimshambulia vikali, na leo hakuna anayesimulia historia ya picha za rangi akayaruka maonyesho hayo.

Kwa swali lako la pili, zingatia kwamba mwaka 1964 alitundika picha za mabingwa bega kwa bega na za watu wasiojulikana majina. Alitaka zote zitazamwe kwa mambo matano: kitu chenyewe, sehemu ndogo inayobeba maana, mipaka ya fremu, muda, na mahali aliposimama mpiga picha. Anza na mipaka. Chukua negativu ya dada hao, uilinganishe na nakala waliyopewa wateja.

Mkaaji wa Kamalondo amejibu:

Asante sana, mzee. Nimelinganisha. Katika negativu, upande wa kushoto, kuna mkono wa mtu aliyeshika pazia la nyuma lililochorwa ngazi na maua, na chini inaonekana sakafu ya saruji iliyopasuka. Katika nakala vyote vimekatwa, zikabaki ngazi, redio na dada wawili. Sasa sijui nionyeshe ipi.

Dada wa Ruashi amejibu:

Samahani, mzee wangu, nakubaliana nawe kwa heshima, lakini si mpaka mwisho. Njia hiyo hufundisha macho, ila huweza kuunyamazisha mdomo. Hapa kwetu tumerithi picha nyingi zilizopigwa kwa ajili ya Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni wa Wabelgiji: wafanyakazi wamesimama mstarini, kivuli kimekaa vizuri, fremu imenyooka. Ukizitazama kwa umbo peke yake utazisifu, na hutauliza nani aliwaamuru wasimame hivyo, wala nani alilipia kamera. Msanii wa picha Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, alionyesha njia nyingine katika mfululizo wake wa mwaka 2006: aliwatoa watu katika picha za zamani za kampuni, akawaweka mbele ya mitambo iliyochakaa ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi migodi ya Union Minière. Hapo huwezi kukwepa kuuliza wamefikaje.

Kwa dada wako wawili, onyesha nakala waliyoinunua, kwa sababu ndiyo picha waliyoitaka wao. Mkono na saruji viwe pembeni, kwa ukubwa mdogo, kama ufafanuzi wa kazi ya studio. Ukitundika negativu yote kwa fahari, utakuwa umewavua mbele ya majirani kile walicholipia.

Fundi wa chumba cha giza cha kusafishia picha, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, amejibu:

Dada amesema kweli kuhusu nakala, lakini naona anamwonea Szarkowski kidogo. Mwaka 1968 makumbusho yake yalinunua kutoka kwa mpiga picha Berenice Abbott mkusanyo wa picha za Eugène Atget, mpiga picha wa Paris, takribani nakala 5,000. Atget alikuwa akiwauzia wachoraji na maktaba za Paris picha za milango, ngazi na maduka. Kwake zilikuwa bidhaa zenye matumizi. Ni kweli kwamba Szarkowski alimgeuza kuwa msanii mkubwa, na hapo lawama ina mahali pa kushika. Hata hivyo yeye na mwenzake Maria Morris Hambourg walifanya kazi ya miaka mingi, vikatoka vitabu vinne kati ya 1981 na 1985, na Hambourg ndiye aliyefumbua mpangilio wa nambari ambazo Atget mwenyewe alizikwaruza kwenye negativu zake. Bila nambari hizo wasingejua alivyoigawa kazi yake.

Kwa hiyo, ndugu, usizitoe negativu katika bahasha zake kabla ya kunakili kila kilichoandikwa juu, hata bei. Iulize familia kama daftari la wateja bado lipo. Wenye studio wengi waliandika nambari, jina na siku ya kuja kuchukua, na kwa jina hilo mtaa unaweza kuwatambua dada hao, nawe ukaenda kuwaomba ruhusa wao au watoto wao kabla hujatundika chochote.