Bia lita 20: chachu ya lita 1, lita 2, au pakiti mbili za hamira kavu?

NdooNyeupe: Wakuu, Jumamosi napika bia lita 20. Nina pakiti moja ya hamira ya majimaji. Niikuzie chachu (maji ya kimea ya kuzalishia hamira kabla ya kupika) ya lita 1 au 2? Au ninunue kavu pakiti mbili? Naagiza leo.

Togwa77: Eli (bia ya kuchachushwa kwenye joto) au laga (ya kwenye baridi)? Haidromita (kipimo cha sukari kwenye bia) itasoma ngapi kabla ya kuchacha? Pakiti ina umri gani? Bila hayo tunapiga ramli.

NdooNyeupe: Samahani. Laga, 1.048, nitachachusha nyuzi 11. Pakiti ina miezi mitatu, friji muda wote.

Koroga_Usiku: 1.048 ni kama Plato 12 (kipimo kingine cha sukari). Laga hutaka seli za hamira milioni 1.5 kwa kila mililita kwa kila digrii ya Plato, yaani bilioni 360 kwa lita zako 20. Eli ingetosheka na nusu. Pakiti mpya huwa na bilioni 100 hivi, ikipungua kama 20% kila mwezi, kwa hiyo umebaki na 51. Kwenye kikorogeo cha sumaku (kifaa cha kuzungusha chachu muda wote) kila gramu ya unga wa kimea (sukari ya kimea iliyokaushwa) huzaa takriban bilioni 1.4. Gramu 200 ndani ya lita 2 zitaongeza 280. Umekaribia. Lita 1 sahau.

PovuJeupe: Hesabu hiyo ni ya mwenye kikorogeo! Anayetikisa chupa kwa mkono hafiki hata nusu. Chukua W-34/70 (hamira kavu ya laga), pakiti mbili za gramu 11.5, nyunyiza juu, ukalale.

Koroga_Usiku: Povu, wewe kila swali jibu lako W-34/70.

Togwa77: Kwa sababu kubahatisha kunaumiza. Ndoo ya laga iliyopewa pakiti moja kuukuu bila chachu ilikaa saa 60 kimya. Kisha ikaanza kunuka yai viza, ikakwama 1.020 badala ya kushuka hadi 1.010. Kuipandisha nyuzi 18 kuliondoa harufu, ladha ya siagi ikabaki. Hamira chache huzaliana kupita kiasi, zinachoka kabla sukari haijaisha.

PovuJeupe: Na chachu usiimimine yote kwenye bia. Lita 2 ni sehemu ya kumi ya bia yako, na yale maji yameshapigwa hewa.

Koroga_Usiku: Hapo tunakubaliana. Chemsha maji na unga wa kimea dakika 15, poza hadi nyuzi 22, tia hamira, koroga saa 36, friji siku mbili, mwaga maji ya juu, bakiza tope la hamira. Leo Jumanne, anza usiku huu. Sufuria iwe kubwa: unga wa kimea ukianza kuchemka povu hupanda ghafla, na jiko lililogandwa na kimea ni adhabu. Mdomo wa chupa funika kwa foili tu, usibane, hewa ipite.

Togwa77: Foili? Mimi pamba.

Koroga_Usiku: Pamba ikilowa povu inakaribisha vijidudu.

NdooNyeupe: Kikorogeo sina. Na dukani imebaki W-34/70 pakiti moja.

PovuJeupe: Moja kwa nyuzi 11 haitoshi. Hiyo ya majimaji ni aina gani?