Naomba ushauri: mtoto wa miezi 10 hataki tena kulishwa

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miezi 10, meno manne, na siku hizi akiona kijiko anafunga mdomo kama mlango wa benki. Uji wa lishe hautaki kabisa. Anataka kushika mwenyewe, hasa kilichoko kwenye sahani ya baba yake.

Kwa sasa nampa ndizi mbivu, parachichi, na kiazi kitamu kilichochemshwa mpaka kinabonyea kwa vidole viwili, nakikata vipande virefu. Kiazi anakimaliza. Parachichi linamteleza, linaishia kwenye nywele. Asali na karanga nzima najua bado. Karanga nasaga, naunga nazo mchicha.

Shida ni chakula cha familia. Sisi ni watu wa ugali, maharage na dagaa, wikiendi wali wa nazi na samaki. Chake nakitoa kabla ya kutia chumvi na pilipili, lakini mama mkwe anasema ugali utampalia, nimpe mtori tu. Mtori sawa, ila kila siku jamani?

Bado ananyonya vizuri na uzito kwenye kadi unapanda, kwa hiyo hapo sina hofu.

Mliopitia hapa: ugali mlimpikia laini kiasi gani? Dagaa mnawasaga, au mnatoa vichwa tu? Na maini, ambayo nesi wa kliniki ameyasisitiza kwa ajili ya damu, mnayapikaje yasiwe magumu?