Repidi niko 2200 ila blitzi ya 3+0 saa inanimaliza, nifanyeje?

msukuma_pawni

Wakuu habari za jioni. Nacheza chess kwenye tovuti ya Lichess miaka mingi sasa, repidi (gemu za dakika kumi, kumi na tano hivi) retingi yangu ni 2200 na kitu, pazo (mafumbo ya chess) natatua vizuri tu na kwenye gemu za dakika 15 watu wa 2300 nawasumbua kabisa. Shida ni blitzi. 3+0, yaani dakika tatu kila mtu bila nyongeza, nimeganda pale 1950, nikipanda kidogo wiki haiishi nimesharudi. Na kinachoniuma ni kwamba wengi hawanizidi kimchezo, ukifungua enjini (kompyuta ya kuchambua) baada ya gemu unakuta muvu ya 30 niko +4, yaani nimezidi kama pawni nne, nina ruku zima la ziada, ila saa yangu ina sekunde 12 na jamaa ana dakika nzima, basi hapo anaanza kunizungusha kwa cheki za ovyo ovyo mpaka naflagiwa (saa inaniishia) au namwachia malkia bure.

Opuningi zangu (mianzo ya gemu): nikiwa nyeupe nacheza d4 naingia Katalani, nikiwa nyeusi ni Najdorf kwa e4 na King's Indian kwa d4. Nachezea simu, usiku baada ya kazi. Kuna mshkaji kaniambia nipige buleti 1+0 (dakika moja tu) kwa wingi mkono utazoea, nimejaribu naona nazidi tu kuwa mjinga hata repidi imeanza kuyumba. Tafadhali msiniambie "cheza haraka", hilo nalijua, nataka kujua hizo sekunde mtu anazipunguza WAPI. Mliotoka 1900 mkafika 2200 za blitzi mlifanya nini?

ruku_la_saba

Mkuu kabla ya yote fungua gemu zako za karibuni, Lichess pale kwenye uchambuzi kuna grafu ya muda uliotumia kila muvu, watu hawaigusi wanakimbilia enjini tu. Piga hesabu ndogo, 3+0 ni sekunde 180, gemu ikienda muvu 40 una wastani wa sekunde 4 na nusu, ikienda muvu 60 ni sekunde 3 tu. Kwa hiyo ukikaa sekunde 20 sehemu moja ujue muvu kama sita za mbele huko umeshazila.

Sasa nikuambie ninachohisi bila hata kuona gemu zako. Mtu mwenye pengo kama lako kati ya repidi na blitzi mara nyingi hafikirii polepole, anakagua mara mbili. Muvu ameshaiona ndani ya sekunde mbili, halafu anaanza kuihakikisha, anatafuta mbadala, anauhesabu mbadala, anaona haumpi kitu, anarudi kwenye ile ile ya mwanzo anaicheza. Kwenye repidi hiyo ni sifa. Kwenye blitzi umetoa sekunde 15 kununua kitu ambacho tayari kilikuwa mfukoni mwako.

Chukua kila muvu uliyokaa zaidi ya sekunde 10 uitie kwenye fungu lake. Kuna zile ambazo pozisheni iliwaka kweli, labda kuna sadaka, au mfalme amefunguliwa, au mnabadilishana malkia kuingia endigemu (mwisho wa gemu, kete chache) na ukikosea hurudi tena. Hizo kaa, ndiyo kazi ya muda. Halafu kuna zile ulikuwa unachagua ruku liende d1 au e1. Hizo ndizo za kufuta, huoni hatari na una muvu mbili zinazofaa basi piga ya kwanza uliyoiona. Enjini itakwambia ya pili ilikuwa bora kwa 0.3, sawa, mwache aseme, huyo wa 1950 mwenzio hana uwezo wa kukuadhibu kwa 0.3 ndani ya dakika tatu.

bin_fianchetto

Najdorf kwa 3+0 ndugu yangu! Mimi nimeicheza na naipenda, ila ukweli ni kwamba mpinzani anachagua silaha wewe unakumbuka majibu. 6.Bg5 (muvu ya sita, bishopu g5) ina jibu lake, 6.Be3 lake, 6.Bc4 lake, 6.h3 lake, na ukichanganya mbili tu umeliwa. Tena ingia kwenye opuningi eksplora ya Lichess, weka blitzi na retingi za kundi lako, angalia baada ya 1.e4 c5 watu wanacheza nini. Utakuta c3 ziko kibao, utakuta Bc4, utakuta wanaotoa pawni kwa d4 na c3, utakuta Bb5+ baada ya d6. Yaani umekariri Najdorf usiku na mchana halafu gemu nyingi Najdorf yenyewe haifiki, unabaki unafikiria kuanzia muvu ya tatu, saa inaenda.

Nenda Karo-Kan. e4 c6, d4 d5, wakisukuma e5 unatoa bishopu f5 kisha e6, unajua pawni zako zinakaa wapi na utavunja kwa c5, muvu kumi za kwanza unazicheza kwa sekunde 20. Katalani baki nayo haina neno, g3 na Bg2 na kukasili (kumficha mfalme nyuma ya ruku) unafanya karibu dhidi ya kila kitu. Jifunze tu vizuri akila c4 na kung'ang'ania kwa b5, hapo ndipo wengi wanaganda.

kete_moto_254

Maze hiyo ya kubadilisha opuningi mimi sikubali. Buda amesema muvu ya 30 ako +4. PLUS NNE. Sasa opuningi imemkosea nini hapo? Ukimwambia aanze Karo-Kan leo atapoteza miezi akijifunza pozisheni mpya, na hiyo miezi yote atakuwa anafikiria hata zaidi juu hajazoea. Shida yake ni kumalizia gemu.

Skiza msukuma, ukiwa juu kwa blitzi kazi yako si kutafuta muvu bora, ni kuua kelele. Malkia zitoke kwa ubao mapema, hata ikibidi urudishe pawni. Una ruku la ziada na anakushambulia mfalme? Toa ruku ule bishopu ama farasi yake yenye inakusumbua, bado uko juu na hana kitu. Mtu wa repidi anaona hiyo ni uharibifu, anataka kushinda na ruku lote. Halafu mfalme umfiche mahali cheki hazifiki KABLA hujaanza kutembeza pawni, si baada.

Na endigemu lazima ziwe kwa mkono. Lichess kuna sehemu ya mazoezi, Lusena na Filidori (endigemu za ruku na pawni) ziko pale, mfalme na pawni kwa mfalme iko. Ukishazijua, weka pozisheni ya ruku na mfalme dhidi ya mfalme peke yake, cheza na kompyuta ukijipimia sekunde 20, ukiweza bila jasho ongeza ugumu. Marehemu grandmasta Daniel Naroditsky, aliyetuacha Oktoba 2025, video zake za spidirani (anapanda retingi na akaunti mpya huku anafundisha) ziko YouTube, angalia vile alikuwa anamaliza endigemu na sekunde chache huku anaongea na kuelezea. Hakuwa anahesabu kila kitu upya, njia alishaijua kitambo.

Kitu kingine watu hawajui: akibaki na mfalme pekee na saa yako ikaisha, hiyo ni sare, hujapoteza. Akiwa na pawni hata moja imesimama pale h7 haina maana yoyote, umepoteza. So ukiwa na sekunde tano na malkia, kabla ya kusaka meti (kumfunga mfalme) kula hiyo pawni.

bin_fianchetto

@kete_moto_254 kuna ukweli, lakini jiulize saa ilifikaje sekunde 12 muvu ya 30. Hazikuishia kwenye endigemu hizo, endigemu ilikuwa bado haijaanza.

kete_moto_254

Basi ajibu mwenyewe akishaangalia hiyo grafu.

dole_gumba

Wakuu mmeongea chess nzuri ila mmesahau jamaa anachezea simu. Nami ni wa simu kwa hiyo naongea ninachokijua.

Kwanza mipangilio. Kupandisha pawni kuwa malkia weka iwe moja kwa moja, usije ukaulizwa unataka kete gani ukiwa na sekunde mbili. Animesheni ya kete punguza au zima. Kuthibitisha muvu hakikisha imezimwa kwenye blitzi. Kuburuta kete kwa kidole kwenye kioo kidogo ni hatari, kidole kinaziba mraba unaoutaka na farasi inatua jirani, gusa kete kisha gusa mraba, ni haraka na ni salama zaidi.

Pili primuvu, yaani kuweka muvu yako kabla mpinzani hajacheza. Lichess unaweka moja tu kwa wakati lakini haikuli muda wowote, Chess.com unaweza kupanga nyingi mfululizo ila kila moja inakata sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo kwako Lichess primuvu ni bure, itumie. Kula kete inayobadilishwa, primuvu. Mfalme ana mraba mmoja tu wa kukimbilia, primuvu. Muvu tano za kwanza za Katalani yako, primuvu, lakini angalia asije akaja na kitu cha ajabu. Usifanye primuvu ya malkia kwenda katikati ya ubao eti kwa sababu "lazima atacheza hivi", wale wajanja wa 2000 wanakusubiri hapo hapo.

Tatu mtandao. Seva za Lichess ziko Ufaransa, toka huku muvu yako inasafiri. Bonyeza jina lako kwenye tovuti utaona ping yako (muda wa kwenda na kurudi). Lichess wanakufidia sehemu ya huo ucheleweshaji, si wote, kwa hiyo mtandao ukiwa unarukaruka usiku usicheze 3+0 ya retingi, fanya pazo. Mimi nikiona ping imepanda naingia Puzzle Storm (pazo za haraka) dakika tatu zangu nalala.

ruku_la_saba

Nyongeza kuhusu ile buleti, mshkaji wako hajakosea sana ila dawa ni kali kwa mgonjwa huyu. Jaribu 3+2 kwa muda, dakika tatu na sekunde mbili za nyongeza kila muvu. Hizo sekunde mbili zinakuruhusu kumalizia gemu ulizoshinda, na utajua kama shida ni endigemu au ni saa. Tena 3+2 ndiyo inayochezwa kwenye ubingwa wa dunia wa blitzi, ule wa New York 2024 ambao Carlsen na Nepomniachtchi waliishia kugawana taji watu wakapiga kelele mpaka leo. Angalia 2+1 ukiiona usidhani ni blitzi, Lichess wanahesabu muda wa kuanzia na nyongeza mara 40, inatoka sekunde 160, chini ya 180 ni buleti.

Halafu washa zile modi za Zen, retingi ya mpinzani hutaiona. Kuna watu wakiona 2150 wanaanza kukagua kila muvu mara tatu.

msukuma_pawni

Wakuu asanteni sana, nimefanya kazi ya nyumbani. Nimepitia gemu za jana na juzi kwenye ile grafu na @ruku_la_saba umenisoma kama ulikuwa umekaa pembeni yangu. Endigemu siyo mwizi mkubwa, mwizi yuko kati ya muvu ya 9 na ya 16, hapo tu naacha karibu nusu ya saa yote. Na nyingi si Najdorf wala nini, ni zile za mtu kala kitu changu na mimi naweza kulipiza kwa njia mbili, kwa pawni ya b au ya d, au kwa bishopu au kwa malkia, nakaa hapo sekunde 15, 20, kuna moja nimekaa 31 na mwisho nikala kwa ile niliyotaka tangu mwanzo. @dole_gumba kuthibitisha muvu nilikuwa nimeiwasha kumbe! Nimeizima.

Karo-Kan sijakataa ila kwa sasa acha nibaki na nilichonacho. Swali moja, kwenye hizo za kulipiza kuna kanuni mnatumia au mnakula tu?

ruku_la_saba

Pawni ile kuelekea katikati. Kwa kete, ile ambayo bado haijatoka nyumbani, ukila nayo umeiendeleza bure. Usihesabu zaidi ya hapo isipokuwa unaona mfalme anaguswa au kuna kete inabaki bila ulinzi. Itakuangusha mara chache, na hizo mara chache utakuwa na dakika nzima ya kujitetea.

kete_moto_254

Na ukila kwa b, lile faili la b ni lako, peleka ruku b8 bila kufikiria.

bin_fianchetto

Ukifika 2100 rudi hapa tuzungumze Karo-Kan 😂