Wauza laptop za mtumba Dodoma, mnachakachua Windows halafu mnatuuzia kwa jina la "original"

Wakuu, habari za jioni.

Mods naomba huu uzi msiupeleke jukwaa la teknolojia. Kule wamejaa mafundi, na fundi ukimwambia Windows yako imechakachuliwa anakucheka kama vile umeshuka mjini jana. Nimeuleta hapa makusudi, kwa sababu hapa ndipo walipo wanunuzi, watu wanaodunduliza mpaka wapate mashine ya kazi, halafu wanabambikiwa.

Mimi nina steshenari upande wa chuo hapa Dodoma. Kazi zenyewe mnazijua: fotokopi, kuprinti, kuskani, kuwajazia watu maombi ya mkopo na ya Ajira Portal, kuchapa ripoti za wanachuo wanaokumbuka tarehe ya mwisho saa tatu usiku. Tangu serikali ihamie huku kila mwenye cheti anapita, kwa hiyo mashine ikilala siku moja tu na mimi silali. Ya zamani ilipokufa niliingia mjini nikanunua nyingine ya mtumba, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha saba, RAM giga 8, kwa laki tano na nusu. Duka silitaji, msije inbox kuniuliza. Muuzaji aliniapia mbele ya mteja mwingine: "Dada yangu, hii Windows ni original kabisa, imetoka nayo Ulaya." Nikalipa, nikapewa risiti imeandikwa "laptop" basi.

Baada ya miezi kadhaa, kona ya chini kulia yakachomoza yale maandishi ya kijivu yanayokutaka uiaktiveti Windows. Hayaondoki. Ukifungua barua ya mtu yamo, ukifungua picha yake ya pasipoti yamekaa begani. Mteja anainama kwenye skrini ananiuliza, "Dada, hayo maandishi yatatokea kwenye cheti changu?" Hayatokei kwenye karatasi, lakini nenda kamweleweshe mtu aliyepanda gari kutoka Mpwapwa kuja kuskani cheti kimoja. Wawili watatu walichukua bahasha zao wakaenda kwa jirani.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake hili hapa, sijaongeza chumvi: "Sasa dada, kompyuta si inawaka? Wewe usiiunganishe na intaneti, haina shida."

Steshenari bila intaneti! Ajira Portal niifungue kwa ndoto? Alipoona sipoi akasema nimpelekee aipige window upya kwa elfu kumi na tano. Yaani nilipie tena kitu alichokwisha kuniuzia kwa kiapo.

Sikumpelekea. Kuna kijana wa chuo anakuja kuprinti kwangu, anasoma haya haya mambo, nikampa aikague. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri akaandika slmgr /dlv. Kikatokea kibox chenye maelezo, na humo pameandikwa toleo ni Enterprise (lile la makampuni na taasisi kubwa), njia ya leseni ni VOLUME_KMSCLIENT. Akacheka peke yake. Nikamwambia nieleweshe na mimi nicheke.

Iko hivi kwa wasiojua. KMS ni utaratibu halali kabisa wa Microsoft, ila ni wa taasisi: wizara, vyuo vikuu, benki. Taasisi inakuwa na seva yake ya ndani, kompyuta zake zinajiandikisha hapo badala ya kila moja kununuliwa ufunguo wake. Seva hiyo haianzi kuzikubali kompyuta za Windows mpaka zifike 25, na kila mashine ikishakubaliwa inapewa siku 180, kisha lazima ithibitishe upya. Mafundi wetu wanachofanya ni kuweka kijiprogramu ndani ya laptop yako kinachojifanya ndiyo hiyo seva. Laptop inadanganywa kwamba ni mali ya kampuni kubwa, na kuna kazi imefichwa humo ndani ya kuurudia huo uongo kabla muda haujaisha. Hiyo kazi ikifutwa au ikikwama, siku 180 zikitimia maandishi yanakuja. "Original imetoka nayo Ulaya" ndiyo hiyo.

Hapo nilikasirika tu. Kilichonitetemesha ni kingine. Kijana akafungua ulinzi wa Windows, ile sehemu ya antivairasi, akaenda kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa kukaguliwa. Kulikuwa na mstari mmoja tu: C:\

Diski nzima! Ni kama kuweka mlinzi getini, ana sare na rungu, umemwambia asimkague mtu yeyote. Juu pale alama ya kijani inakwambia upo salama. Na sababu yenyewe ni ya kijinga: antivairasi ikikiona kile kijiprogramu cha kuchakachua inakifuta, kwa hiyo fundi anaifumba macho kwanza ndipo anaendelea na kazi yake. Akimaliza hakumbuki kuifumbua, au hajali.

Na hivyo vijiprogramu wanavyopakua kwenye tovuti za ajabu ajabu si sadaka. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu KMSPico, moja ya hivyo vijiprogramu vya kuchakachua, zile za bandia (ndiyo, kuna kraki za bandia, hata wezi wanaibiwa) zilizobeba kirusi kinachoitwa CryptBot. Kazi yake ni kukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mimi pochi hizo sina. Lakini fikirieni kinachopita kwenye mashine ya steshenari kwa siku moja: vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, vyeti vya form four, hati za viwanja, barua za talaka, namba za akaunti. Kuna watu wanakwambia kabisa, "Dada nitunzie pasiwedi yangu hapo, mimi nitasahau." Vyote hivyo vimelala kwenye diski ambayo mtu mmoja mjini aliamua isikaguliwe.

Kikitokea kitu, mwenye cheti atamtafuta nani? Fundi? Hamjui hata kwa sura. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ninayekusanya na kushika taarifa za watu hapo ni mimi, si yeye.

Sasa kaeni vizuri maana hapa ndipo nilipotaka kupasuka.

Kijana aliandika amri nyingine, hii hapa mnakili: wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey. Ikatoka mistari ya herufi na namba. Ufunguo halali. Kumbe tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, kompyuta za makampuni makubwa zinazouzwa na Windows huandikiwa ufunguo wake kiwandani, ndani ya chipu kwenye ubao mama. Diski ikifutwa haufutiki. Laptop yangu ilizaliwa na Windows 10 Pro, ilikwisha kulipiwa na ofisi iliyoinunua mara ya kwanza huko ilikotoka. Kijana akapakua Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, akaweka Pro, akaunganisha intaneti. Ikajiaktiveti. Haikuuliza ufunguo wala haikudai senti.

Kwa hiyo yule bwana alipokea mashine yenye leseni halali, akaifuta, akapachika Enterprise ya wizi, akaniuzia kwa jina la original. Kwa nini? Kwa sababu ana flashi moja anayopigia mashine zote zilizopangwa mezani, na flashi hiyo ina toleo hilo hilo. Uvivu tu, hakuna cha zaidi. Msiniletee hoja ya umaskini hapa. Umaskini gani unaotupa halali ya bure ili ukaweke haramu?

Najua watakuja wale wa "Microsoft ni matajiri, waache wachakachuliwe." Simlilii Bill Gates mimi. Windows 11 Home kwao inauzwa dola 139, Pro ni dola 199.99. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo Pro ni laki tano, karibu bei ya laptop yangu yote na chaji yake. Bei hizo hazikupangwa kwa kumfikiria mwenye fotokopi ya Dodoma, na mtu anayechakachua mashine yake mwenyewe nyumbani kwake, akijua anachofanya, siendi kumgongea mlango. (Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia, ila hilo atajibu yeye.) Ninachosema ni kwamba kunichakachulia mimi bila kunieleza, kisha kunitoza kwa neno original, ni utapeli wa kawaida tu. Wale wa "ufunguo elfu ishirini lifetime" kwenye magrupu ya WhatsApp nao wamo: wengi wanauza funguo za taasisi zilizovuja, siku zikifungiwa hiyo lifetime imeishia hapo.

Na kabla hamjasema natangaza biashara ya Microsoft, nao nina yangu ya kuwaambia. Windows 10 waliitelekeza tarehe 14 Oktoba 2025, hawaitengenezei tena viraka vya usalama bure kama zamani. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, yangu ya kizazi cha saba imekatiwa mlangoni. Wakaweka mwaka mmoja wa nyongeza, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026: ulipe dola 30, au uwe na pointi 1,000 za zawadi zao (Microsoft Rewards), au uingie kwa akaunti yao na mipangilio ya mashine yako uipeleke kwenye seva zao. Nchi za Ulaya zilipopiga kelele, raia wao wakaondolewa hilo sharti la kupeleka mipangilio, wanaingia kwa akaunti tu na wanapewa bure. Sisi huku tuchague pesa au taarifa zetu.

Hizo taarifa nazo ni hadithi ndefu. Mwaka 2016 tume ya Ufaransa inayolinda taarifa za watu, CNIL, iliwapa Microsoft onyo rasmi kwamba Windows 10 inakusanya kupita kiasi. Wakapunguza, faili likafungwa mwaka uliofuata. Lakini mpaka leo ukiwa na Home au Pro huwezi kuzima kabisa utumaji wa taarifa za mashine kwenda kwao. Unapunguza tu. Wenye uwezo wa kuzima kabisa ni wa Enterprise na Education. Yaani toleo lenye faragha ndilo lile fundi wangu aliloniwekea la wizi, likiwa na antivairasi iliyofumbwa macho. Chekeni, mimi nimeshindwa.

Wenye steshenari wenzangu, kagueni pia OneDrive. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft kirahisi rahisi unakuta folda za Desktop na Documents zinapakiwa kwenye hifadhi yao ya mtandaoni, giga 5 za bure. Bando linaondoka, na vitambulisho vya wateja vinaondoka nalo. Mimi nimezima, na vyeti vya watu nafuta jioni kabla ya kufunga.

NYONGEZA: Naona mmeanza na "weka Linux." Nimewasikia. Kijana ameniwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye ile mashine ya zamani aliyoifufua, ya maombi ya mtandaoni, na kwa kazi ya kivinjari haina neno, ni bure na haiulizi leseni. Shida ni ripoti za Word. Mwanachuo analeta faili lenye jedwali na namba za kurasa, ukilifungua kwenye LibreOffice, programu ya bure inayokaa badala ya Word, jedwali limehamia ukurasa wa pili, na anayelaumiwa ni mimi, si Linux. Mwenye suluhisho alete.

Na dada aliyeuliza afanyeje akienda kununua: ukiwa bado dukani, pesa iko mkononi, mwambie afungue dirisha jeusi uandike slmgr /xpr. Ikikwambia imeaktivetiwa moja kwa moja bila tarehe, endelea kukagua mengine. Ikikutajia tarehe ya kuisha, hiyo ni ya KMS, muulize yeye ni wizara gani. Halafu nenda kwenye antivairasi uangalie orodha ya vilivyosamehewa. Akianza kukwambia "dada mbona una maswali mengi", toka.

Na wewe uliyeniuzia najua umo humu, maana tangazo lako limepita jana usiku, bado umeandika "Windows original, Office bure." Jibu hapa hapa mbele ya watu: hiyo Office ya bure umeipata wapi, na antivairasi ya huyo mteja wa jana umeiacha ikiwa macho?