Katuni za Der Stürmer: ushahidi wa mateso ya Wayahudi, au wa roho ya mchoraji tu?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Mimi nafundisha histo, wiki iliyopita nikawawekea madogo katuni ya Der Stürmer, lile gazeti la Kinazi la chuki dhidi ya Wayahudi, la Julius Streicher wa Nuremberg, Ujerumani, mchoro wa yule jamaa aliyekuwa anasaini Fips, jina lake Philipp Rupprecht. Myahudi kachorwa pua ndoano, kitambi, kakalia gunia la hela. Nikauliza hii inatuonyesha nini, dogo mmoja akajibu bila wasiwasi, "inaonyesha Wayahudi walikuwa na hela nyingi". Aisee niliishiwa pozi. Na hajakosea kwa jinsi tulivyowazoesha, si tunawaambia tazama picha utaje unachokiona, basi kaona hela kataja hela. Msimamo wangu ni kwamba katuni ni ushahidi wa aliyechora, sio wa aliyechorwa. Nipingeni.

Mdau wa kwanza: Nakupinga nusu mkuu, mchoraji peke yake hafiki popote. Gazeti limeanza 1923, Fips kaingia 1925, Hitler kashika nchi 1933. Kwa hiyo katuni ya 1926 haikuonyeshi mateso ya serikali maana hayajaanza, inakuonyesha kuna watu walitoa hela mfukoni kununua ile chuki. Ya mwishoni mwa 1938 ni habari nyingine kabisa, sheria za Nuremberg zimeshapita tangu 1935, Myahudi kanyang'anywa uraia, halafu ile Novemba masinagogi yakachomwa na wanaume kama 30,000 wakakamatwa wakapelekwa kambini. Pua ni ile ile, saini ile ile. Sasa hiyo yako ni ya mwaka gani? Hujasema.

Mdau wa pili: Na masanduku mnayasahau. Lile gazeti lilikuwa linabandikwa mitaani kwenye masanduku ya kioo, vituo vya basi huko, unasubiri basi unasoma bure. Halafu vita inaisha mtu anakwambia sisi hatukujua Wayahudi wanafanyiwa nini. Hukujua vipi na ulikuwa unalisoma kila asubuhi?

Mdau wa tatu: Taratibu ndugu. Kubandikwa sio kukubaliwa. Mimi kila siku napita kwenye mabango ya waganga wa kurudisha wapenzi, na mke wangu sijawahi kumpeleka. Sanduku linathibitisha waliona, basi. Kama waliamini niletee barua zao, shajara, kitu. Halafu angalieni hata majaji wa ile kesi ya Nuremberg baada ya vita, Streicher kanyongwa Oktoba 1946, walishika nini? Waliletewa makala 23 za kati ya 1938 na 1941 zinazohubiri Wayahudi wafyekwe mpaka mizizi. Makala, sio michoro. Maandishi yanambana mtu, mchoro una mlango wa nyuma, utasikia "si nilikuwa natania".

Mdau wa nne: Wa tatu umeenda mbali wakati mfano uko Arusha hapa. Kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda, ile ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari, hukumu Desemba 2003. Kulikuwa na jalada la Kangura, gazeti la Wahutu wenye msimamo mkali, la Novemba 1991, lina picha ya Kayibanda, rais wa zamani wa Rwanda, na panga, pembeni wameuliza watumie silaha gani kuwashinda Inyenzi, yaani "mende", jina walilowaita Watutsi, moja kwa moja. Lile panga lisingekuwepo, swali lingebaki swali tu. Lisingekuwepo swali, ni panga, kila nyumba inalo. Majaji wakavisoma pamoja, na Streicher mwenyewe katajwa kwenye ile hukumu. Sasa mleta mada nikuulize, ulibandika ukurasa mzima au mchoro tu? Maana Der Stürmer chini ya ukurasa wa mbele wanaandika "Wayahudi ni balaa letu". Dogo angeona hiyo asingekwambia mambo ya hela.

Mleta mada: Dah. Niliikata. Ilikuwa haienei kwenye slaidi, na Kijerumani nikaona kitawachanganya bure. Na mwaka sikuandika, wa kwanza una haki. Jumatatu narudi na ukurasa mzima, na tafsiri. Ila wa tatu bado sijakubaliana na wewe kwenye waganga, bango la mganga hata likipitiwa na watu elfu, serikali haiji kesho kumchukua jirani yako kwa sababu yake.

Mdau wa tatu: Mwaka 1926 nayo ilikuwa haiji.