Mwanafunzi wa chuo na kesi za udhalilishaji: aingie au asome kwanza?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili. Huku Kaskazini Pemba, shehia siitaji kwa ajili ya mtoto, binti wa jirani anayesomea ualimu Unguja alirudi likizo, akamsindikiza mama mmoja ambaye mwanawe kafanyiwa udhalilishaji wa kijinsia. Barazani pakawaka. Wazee wanasema kapelekwa kusoma, hakupelekwa kugombanisha watu. Babake katakiwa amkanye.

Mimi nasema asikanywe.

Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2011, mahakama maalumu ya udhalilishaji tangu 2021. Kesi inafia nyumbani, kwenye muhali, yaani kuoneana haya na kulindana. Mtuhumiwa ni ami, ni mkwe, ni jirani tunayezikana naye. Watu wanakaa kitako, fedha inapita, mama anaambiwa astiri mambo, na siku ya ushahidi hatokei mtu. Wakati mwengine inaharibika mapema zaidi: mtoto karudi analia, sisi mbio kumkogesha na kufua nguo zake. Tunafanya kwa huruma, na ushahidi unakwenda na maji. Binti huyu ndiye aliyewahi kusema: usimkogeshe, nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, twende hospitali sasa hivi. Wakaenda Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha wanapatikana pahala pamoja. Nani katika sisi wa barazani angejua la kufanya saa ile?

Hoja ya masomo siidharau. Mtihani haumngoji mtu, na mzazi kauza karafuu zake ili mwana asome. Tena wapo vijana wa vyuo wanaoniudhi kweli: wanapiga picha na mama wa mtoto, wanazirusha kwenye makundi ya WhatsApp, jioni mji mzima unamjua mtoto ni nani. Huko ni kumdhalilisha mara ya pili. Mwanafunzi asindikize, aeleze, akumbushe tarehe ya kesi. Kumhoji mtoto awaachie wenye kazi yao, na mdomo aufunge.

Eti ataharibu bahati yake ya kuolewa. Hili nalo limesemwa, tena na mtu mwenye mabinti watatu. Sijui kama alifikiri ingekuwaje lau mtoto yule angekuwa wake.

Linalonipa hofu zaidi ni uadui. Likizo ikisha yeye anapanda boti, wazee wake wanabaki na jamaa wa mtuhumiwa, kisima kimoja, msikiti mmoja. Hapo ndipo sheha na imamu wangepaswa kusimama mbele yake, wasimwache peke yake.

Mnaosema asubiri amalize, shahada yake ni miaka 3. Katika miaka hiyo mama mwengine akipatwa, amwendee nani? Na wewe unayeandika hapa, utatoka naye usiku huo huo?